Siku Moja Majini: Kayaki, Maji Tulivu na Kichocho cha Ziwa Nyasa

Kayaki ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, kiendeshwacho kwa kafi lenye bapa katika ncha zote mbili. Asili yake ni kwa Wainuit wa Greenland na kaskazini mwa Amerika, walioiunda kwa kiunzi cha mbao au mifupa kilichofunikwa kwa ngozi ya sili, wakaitumia kuwinda. Chombo hicho cha kutafutia riziki penye barafu kimegeuka, baada ya karne nyingi, kuwa kitu cha mapumziko. Na leo kayaki za plastiki zenye rangi za kung'aa huonekana zimelazwa mchangani kando ya maziwa ya Afrika, ubavuni mwa mitumbwi ya wavuvi. Mkaaji wa Matema au wa Mbamba Bay hahitaji kufundishwa kupiga kafi. Kigeni kwake si chombo, bali wazo la kuingia ziwani asubuhi na kurudi jioni bila samaki.

Hata hivyo, wazo hilo si la kupuuzwa na tabibu wala na mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, nazo saa mbili na nusu za kupiga kafi bila pupa hutimiza kiwango hicho cha chini kwa siku moja. Kazi hufanywa na mabega, mgongo na misuli ya tumbo. Magoti hayabebi uzito wa mwili, hivyo mwenye baridi yabisi ya magoti, ambaye kwake kutembea haraka ni adhabu, aghalabu huistahimili safari ya namna hii. Aliyepooza miguu naye hakuachwa nje: mbio za kayaki ziliingizwa katika Michezo ya Paralimpiki kwa mara ya kwanza huko Rio de Janeiro mwaka 2016, na baadhi ya washindani wake huendesha chombo kwa nguvu ya mikono peke yake.

Kuna pia kisa cha Vancouver, ambacho wauguzi wa wodi za saratani wangefaa kukisimulia mara nyingi zaidi. Kwa miaka mingi, wanawake waliopasuliwa kwa saratani ya matiti na kuondolewa tezi za kwapani walionywa wasifanye kazi nzito ya mikono yenye kurudiwarudiwa, kwa hofu kwamba mkono ungevimba kwa kukwama kwa limfu. Mwaka 1996 Dkt. Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, aliwakusanya wanawake 24 waliokwisha kutibiwa ugonjwa huo, akawazoesha hatua kwa hatua, kisha akawaingiza katika mashua ndefu ya Kichina yenye kichwa cha joka, kila mmoja na kafi lake. Taarifa aliyoichapisha mwaka 1998 ilieleza kwamba hakuna aliyepata uvimbe mpya, wala waliokuwa nao tangu mwanzo hawakuzidiwa. Kundi lilikuwa dogo, na mazoezi yalisimamiwa kwa uangalifu; si ruhusa ya kushika kafi juma la pili baada ya upasuaji. Lakini katazo la jumla lilianza kulegea tangu hapo, na ni vyema lilegee pia katika ushauri unaotolewa kwetu, maana bado wapo wagonjwa wanaoogopa hata kubeba ndoo.

Basi faida ipo. Lililobaki ni maji yenyewe.

Ziwa Nyasa, ambalo nchini Malawi huitwa Ziwa Malawi, lina urefu wa takriban kilomita 580, na kina chake hufikia mita 700 hivi. Katika ncha yake ya kusini kuna rasi ya Cape Maclear na kijiji cha Chembe, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Maji ya hapo ni maangavu kiasi kwamba samaki wa rangi za buluu na manjano huonekana wakizunguka miamba. Kayaki hutoka ufukweni zikaelekea visiwa vya Thumbi, Domwe na Mumbo, abiria wakala chakula cha mchana mwambani, wakarudi jua likiwa limeinama. Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kwa safari ya siku moja ya mtu asiye na ujuzi mkubwa.

Kwa muda mrefu iliaminika pia kwamba mahali hapo ni salama. Kichocho kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa vijito, mabwawa na mashamba ya mpunga, penye majani na tope, kwa kuwa ndiko anakokaa konokono ajulikanaye zaidi kwa kueneza kichocho cha mkojo, *Bulinus globosus*. Ufukwe wa mchanga uliopigwa na mawimbi haukuonekana kuwa na nafasi kwake. Wageni waliambiwa waogelee bila wasiwasi, nao wakaogelea.

Mwaka 1992 vijana wawili wa kujitolea kutoka Marekani, waliokuwa wakifanya kazi nchini Malawi chini ya Peace Corps, waliugua kichocho cha mfumo wa fahamu. Wote wawili walikuwa wameingia majini Cape Maclear kwa ajili ya kujiburudisha. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa katika jarida la *Lancet* mwaka 1996, uliwapima damu mamia ya Wamarekani na wageni wengine waliokuwa wakiishi Malawi, na karibu theluthi yao walikutwa na dalili za maambukizi. Wengi hawakuwa na habari. Baadaye ikabainika kwamba konokono mwingine, *Bulinus nyassanus*, anayekaa katika mchanga na changarawe za ziwa lenyewe, naye hubeba vimelea vya *Schistosoma haematobium*. Ufukwe mweupe uliosifiwa kwa usafi wake ulikuwa makazi yake hasa. Watafiti wamehusisha kuongezeka kwa konokono hao na kupungua kwa samaki wanaowala, waliovuliwa kupita kiasi karibu na ukingo. Na katika miaka ya 2017 na 2018 konokono wa jamii ya *Biomphalaria*, wanaoeneza kichocho cha tumbo, walipatikana pia katika ziwa hilo, pamoja na watoto wenye maambukizi. Mtu anayeambiwa leo kwamba ziwa fulani "halina kichocho" anapaswa kuuliza habari hiyo ni ya mwaka gani.

Mzunguko wa ugonjwa unajulikana, lakini unastahili kutazamwa kwa jicho la mtu aliyeketi ndani ya kayaki. Mayai ya vimelea hutoka katika mkojo au kinyesi cha mgonjwa na kuingia majini, huanguliwa, na kilichoanguliwa hutafuta konokono. Majuma kadhaa baadaye konokono huyo huanza kutoa viluwiluwi vidogo sana vyenye mkia uliogawanyika pacha, viitwavyo serkaria. Hutolewa kwa wingi mchana, jua likiwa juu, nao huweza kuishi majini hadi siku mbili hivi, ingawa nguvu ya kuambukiza hupungua mapema zaidi. Vikigusa ngozi ya mtu hupenya kwa dakika chache tu. Hakuna haja ya kunywa maji wala ya kuwa na jeraha.

Kutokana na hayo, hatari haikutandazwa sawasawa ziwani. Katikati, kwenye kilindi, mbali na makazi ya watu, ni ndogo. Ni kubwa zaidi katika mita chache za mwanzo na za mwisho za safari, mbele ya kijiji, pale chombo kinaposukumwa kuingia na kuvutwa kutoka. Msafiri hudhani anaingia hatarini anapoliacha pwani, kumbe kwa upande wa kichocho ndipo anapoiacha. Gati au mwamba wa kupandia bila kukanyaga maji una thamani kuliko mafuta yoyote ya kujipaka. Viatu virefu vya mpira hufaa mradi maji yasipite juu ya shingo yake. Kujikausha upesi na kwa nguvu kwa taulo baada ya kulowa ghafla huenda kukasaidia, lakini si kinga ya kutegemewa. Maji ya kuogea jioni, yakiwa yametolewa ziwani, yachemshwe au yakae katika tangi lisilo na konokono kwa siku mbili kabla ya kutumiwa.

Aina ya kayaki nayo ina neno lake. Zipo ambazo abiria huingiza miguu ndani na kuketi chini, na zipo ambazo huketi juu, sehemu iliyo wazi yenye vitundu vya kupitishia maji. Hizi za pili ndizo zinazopendwa na wakodishaji, kwa kuwa zikipinduka hazijai maji, na hata mtu asiye hodari huweza kuzipanda tena. Lakini vitundu hivyo hivyo huyapandisha maji, na abiria hushinda amelowa makalio na mapaja. Ya kukalia ndani humweka mkavu zaidi, ila ikipinduka mpya wa kazi huhangaika. Wizani huu hauna jibu moja. Kwa asiyejua kuogelea, kayaki ya kukalia juu ndiyo inayofaa, na kichocho kishughulikiwe baadaye. Kwa maana kichocho kina dawa, na kuzama hakuna.

Hilo la kuzama halipewi uzito unaostahili, labda kwa sababu halina vimelea vya kutazama kwa hadubini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, zaidi ya 9 kati ya kila 10 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maji tulivu hayamo nje ya hesabu hiyo. Katika Ziwa Nyasa upepo wa kusini-mashariki, uitwao mwera na watu wa huko, huvuma kwa nguvu katika miezi ya kiangazi baridi, na ziwa lililokuwa kama kioo saa 2 asubuhi huweza kuwa na mawimbi ya bahari ifikapo mchana. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa vifungo vyote tangu ufukweni. Lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu, kwa kuwa hapana anayeweza kulivaa akiwa tayari majini amejawa na hofu. Chombo kikipinduka, mtu akishikilie asikiache, hata kama ufuko waonekana karibu.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui apewe kwanza pumzi za mdomo kwa mdomo, ndipo kifua kibonyezwe, mara 30 kwa kila pumzi 2. Desturi ya kumlaza kifudifudi au kumkamua tumbo ili maji yatoke hupoteza dakika ambazo hazirudi, na huweza kuyasukuma matapishi yaingie mapafuni. Aliyezinduka apelekwe kituo cha afya hata akisema amepona, kwani mapafu huweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Kwa wagonjwa wenye maradhi ya kudumu, makatazo ni machache kuliko wanavyodhani. Mwenye kifafa asiende peke yake, wala asiende kabisa ikiwa degedege halijadhibitiwa. Anayetumia insulini ale kabla ya kuondoka na abebe kitu cha sukari katika mfuko usiopitisha maji, mfukoni mwa jaketi na si katika mzigo uliofungwa nyuma ya chombo. Anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini kwa ajili ya shinikizo la damu anywe vya kutosha, maana jua la ziwani hukausha bila mtu kujihisi ametoka jasho. Jua hilo hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka katika maji. Watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwaandama tangu ujana, wavae mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana na miwani, na wachague saa za asubuhi. Wageni wanaomeza doksisaiklini kujikinga na malaria nao huungua upesi kuliko kawaida.

Baada ya hapo hupita majuma. Kayaki imekwisha kusahauliwa, picha zimekwisha kutumwa kwa ndugu. Kati ya juma la 2 na la 8, au hata la 12, mtu ambaye hajawahi kukutana na vimelea hivi huweza kupatwa na homa, kikohozi kikavu, upele wa kuwasha, kuhara na uchovu mkubwa. Hii ndiyo homa ya Katayama, iliyopewa jina la wilaya moja ya Japani ambako ilielezwa zamani. Katika zahanati zetu hutibiwa kama malaria. Kipimo kikiwa safi, hutibiwa kama homa ya matumbo. Kipimo cha mkojo au cha choo nacho huwa safi, kwa sababu minyoo bado haijakomaa na haijaanza kutaga. Kinachoweza kumfumbua macho tabibu ni wingi wa chembe nyeupe aina ya eosinofili katika damu, na swali moja ambalo halimo katika fomu nyingi: "Katika miezi 3 iliyopita umeingia katika ziwa, mto au bwawa gani?" Muulizaji ataje pia mtumbwi, kayaki na kusukuma boti, kwa kuwa wengi hujibu kwamba hawakuogelea, nao husema kweli.

Mara chache, lakini kwa madhara makubwa, mayai huishia katika uti wa mgongo. Kijana mzima huja akilalamika maumivu ya kiuno, kisha miguu inalegea na mkojo unakwama, yote katika siku chache. Huyo hapaswi kusubiri rufaa ya juma lijalo. Akitibiwa mapema kwa kortikosteroidi na prazikwanteli, aghalabu hurudiwa na nguvu. Akicheleweshwa, huenda asitembee tena. Kwa wanawake, kichocho cha mkojo hujificha katika shingo ya kizazi na ukeni, kikaleta kutokwa damu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Wanawake hao hupewa dawa za magonjwa ya zinaa mara kwa mara bila nafuu, wakaondoka na aibu isiyo yao.

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, humaliza minyoo iliyokomaa lakini haiwezi michanga. Kwa hiyo msafiri anayeimeza siku ya pili baada ya kulowa hujipa utulivu wa moyo usio na msingi. Ashauriwe aimeze majuma 6 hadi 8 baada ya kugusa maji kwa mara ya mwisho. Na aliyetibiwa mapema kwa sababu ya dalili arudie dozi kipindi hicho kikifika.

Ushauri wote huu, hata hivyo, umeandikwa kwa ajili ya abiria. Ufukweni yupo mtu mwingine. Ni kijana anayeishika kayaki isiyumbe wakati mgeni anapanda, ili mgeni huyo asilowe. Naye amesimama maji yakimfika magotini, kila asubuhi na kila jioni, msimu baada ya msimu. Kadiri abiria anavyolindwa, ndivyo yeye anavyobaki majini muda mrefu zaidi. Wadogo zake humsaidia kuosha vyombo pale pale kwenye kina kifupi, saa ambazo serkaria ni wengi. Shuleni watoto hupewa prazikwanteli katika kampeni za kugawa dawa, lakini kijana aliyekwisha kuacha shule hupitwa kwa urahisi, na mtoto wa miaka 3 au 4 amekuwa akikosa kidonge kinachomfaa. Mwezi Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuikubali dawa ya watoto wadogo, arprazikwanteli, na nchi zenye ugonjwa ndizo zilizokuwa zikiisubiri.

Mwenye biashara ya kukodisha kayaki anaweza kujenga gati fupi la mbao na kununua jozi chache za viatu virefu vya mpira kwa gharama ndogo kuliko ya chombo kimoja kipya. Anaweza pia kuchimba choo kilicho karibu na mahali pa kuondokea na kingine kisiwani, kwa kuwa abiria anayejisaidia ziwani, akiwa na maambukizi asiyoyajua, huwarudishia konokono kile walichokuwa wakikingoja.

Zahanati iliyo karibu, kwa upande wake, ina shida ndogo ya saa. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na ndio muda ambao mkojo wa kupima hutakiwa kuchukuliwa. Muda huo waongozaji wote wa kayaki wako ziwani na wageni. Akija kijana saa 11 jioni, akapimwa na kuambiwa yuko salama, jibu hilo si la kutegemewa. Ni afadhali apewe chupa yenye kifuniko aondoke nayo, ajaze wakati wa mapumziko ya mchana, aiweke kivulini na kuifikisha maabara siku ile ile, au zahanati itenge siku moja ya katikati ya juma, wageni wakiwa wachache, kuwapima wote pamoja na wadogo zao.